UKALI, UCHOKOZI NA UKATILI: LUGHA YA MJADALA KUHUSU MICHEZO YA VIDEO

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza mjadala ambao umeendelea ng'ambo kwa takriban miaka hamsini, na ambao sasa umekwisha kutia mizizi katika jiji la Nairobi: je, michezo ya video yenye mapigano na mauaji huathiri mwenendo wa wachezaji wake? Huenda msomaji akashangaa kulikuta swali hili katika jarida la lugha za Kiafrika, kwa kuwa limezoeleka kuwa mali ya wanasaikolojia, wanasheria na wazazi. Hata hivyo, hoja yetu ni kwamba swali hili, jinsi linavyoulizwa, ni swali la lugha kabla halijawa la saikolojia. Limeulizwa kwa Kiingereza, likajibiwa kwa Kiingereza, kisha likaletwa kwetu kwa tafsiri ya haraka haraka iliyoyafunga pamoja mambo ambayo Kiswahili huyatenganisha.

Tutaanza kwa kueleza kwa ufupi asili ya mjadala. Halafu tutayapima maneno yake makuu mawili, yaani neno linalotaja kosa na neno linalotaja mchezo. Mwishowe tutageukia sisi wenyewe, walimu na wahakiki wa fasihi, kwani tuna deni katika jambo hili ambalo bado hatujalilipa.

2. Asili ya mjadala

Mwaka 1962 vijana wa chuo cha teknolojia cha MIT, nchini Marekani, walikamilisha mchezo wa tarakilishi ulioitwa Spacewar!, ambamo vyombo viwili vya angani hufukuzana na kurushiana makombora. Mwaka uo huo, Kenya ikiwa bado chini ya utawala wa Waingereza, ilitungwa sheria ya filamu na michezo ya kuigiza, maarufu kama Sura ya 222. Ni sadfa tu, lakini ina mafunzo. Sheria ambayo Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini Kenya imeitegemea hata katika zama za simu za mkononi ilitungwa kwa ajili ya sinema na jukwaa, yaani kwa hadhira inayokaa na kutazama. Haikumjua mtu anayetazama na kutenda kwa wakati mmoja.

Malalamiko makubwa ya kwanza yalizuka Marekani mwaka 1976, kampuni ya Exidy ilipotoa mchezo wa Death Race. Mchezaji aliendesha gari na kuvigonga viumbe vilivyochorwa kwa mistari michache, na kila kilichogongwa kiligeuka kuwa alama ya kaburi. Mortal Kombat ulifuata mwaka 1992 na Doom mwaka 1993, na mnamo Desemba 1993 Seneti ya Marekani ilianza vikao juu ya jambo hili. Mauaji ya shule ya Columbine ya Aprili 1999 yaliuwasha mjadala upya, kwa sababu ilifahamika kuwa wauaji walikuwa wapenzi wa Doom. Mwaka 2005 jimbo la California lilitunga sheria ya kuzuia watoto wasiuziwe michezo ya namna hiyo. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani iliibatilisha kwa kura 7 dhidi ya 2. Akiandika kwa niaba ya mahakama, Jaji Antonin Scalia alikumbusha kwamba ngano zilizokusanywa na ndugu Grimm zimejaa damu, na kwamba hata Homer husomwa shuleni. Yeyote aliyelelewa na hadithi za zimwi linalomeza kijiji kizima angemwelewa bila taabu.

Hapa kwetu kisa kinachostahili kuangaliwa ni cha Mei 2017. Bodi ya Uainishaji wa Filamu ilitangaza kuupiga marufuku ule ulioitwa mchezo wa Blue Whale, baada ya magazeti kuuhusisha na kifo cha kijana mmoja. Jambo lililopita bila kutazamwa sana ni kwamba Blue Whale haukuwa mchezo wa video hata kidogo. Habari zake zilianzia Urusi mwaka 2016, nazo zilihusu makundi ya mitandao ya kijamii ambamo, ilidaiwa, mtu aliyejificha alimwamuru kijana kutenda jambo moja baada ya jingine hadi ajidhuru. Hapakuwa na uwanja, wala mashindano, wala mshindi. Palikuwa na amri. Lakini neno "mchezo" lilitosha kuyatia makundi hayo katika kapu moja na Mortal Kombat. Tutairudia tofauti hii baina ya amri na mchezo, kwa kuwa ndiyo nguzo ya makala haya.

3. Neno moja, mambo mengi

Watafiti wenyewe wamegawanyika. Kundi la akina Craig Anderson wa Marekani limeshikilia kwa muda mrefu kwamba michezo yenye mapigano huongeza fikra, hisia na matendo ya kushambulia. Kundi la akina Christopher Ferguson limejibu kuwa vipimo vilivyotumika ni dhaifu na matokeo ni madogo mno. Mwaka 2018 Anna Prescott na wenzake waliunganisha tafiti 24 zilizowahusisha vijana zaidi ya 17,000, wakaona athari ndogo inayoendelea kwa muda. Mwaka 2019 Andrew Przybylski na Netta Weinstein waliwachunguza vijana wa Uingereza takriban 1,000 wa miaka 14 na 15, wakawauliza pia walezi wao juu ya mwenendo wa vijana hao, wasipate uhusiano wowote.

Msomaji wa kawaida hukata tamaa hapa, akasema kuwa wataalamu hawajui watakalo. Mwanaisimu hana ruhusa ya kukata tamaa mapema hivyo. Yafaa kwanza aulize: ni kitu gani hasa kilichopimwa? Takriban tafiti hizi zote zinazungukia neno moja la Kiingereza ambalo wanasaikolojia wetu huliandika "agresheni". Neno hilo lina asili ya Kilatini, na maana yake ya awali ni kumsogelea mtu, hasa kwa nia ya kumshambulia. Katika maabara limepewa maana pana kupita kiasi. Kipimo kimoja mashuhuri ni mlio: mshiriki akisha kucheza, hupewa nafasi ya kumpigia mshindani asiyemwona mlio wa kuudhi, na ukubwa wa mlio huo ndio huhesabiwa. Kipimo kingine ni pilipili: mshiriki huambiwa kwamba mtu fulani hapendi vyakula vikali, kisha huachiwa aamue amtilie pilipili kiasi gani.

Sasa tumwulize mzungumzaji wa Kiswahili, awe wa Lamu au wa Kangemi: mtu anayemtilia mwenzake pilipili kwa makusudi amefanya nini? Hakuna atakayejibu kuwa amefanya ukatili. Atasema amemchokoza. Akipaza sauti na kumkemea mwenzake, tutasema amekuwa mkali. Akijiona mkubwa na kukataa kusikia la mtu, ana ujeuri. Akizua mabishano ya kila siku, ni mgomvi. Akivunja vitu na kuvuruga shughuli za watu, amefanya fujo. Akimtesa mtu asiye na uwezo wa kujitetea, hapo ndipo tunapofika kwenye ukatili; na akizidi hapo tutasema ametenda unyama, yaani ametoka katika utu. Maneno haya si visawe. Kila moja lina mipaka yake, na wazee wetu wanapoamua kesi huyapima kwa uangalifu mkubwa, kwa maana adhabu ya mchokozi si adhabu ya katili.

Tukiupitisha mjadala mzima katika chujio hili, mambo mengi hutulia. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitoa azimio mwaka 2015 kikikubali kwamba uhusiano upo. Magazeti ya kila upande yalilichukua kana kwamba limesema michezo huzaa wauaji. Mnamo Machi 2020 chama hicho kililazimika kulifafanua azimio lake: kilichothibitika ni uhusiano mdogo baina ya michezo hiyo na mambo kama kufoka na kusukumana, na ushahidi uliopo hautoshi kuihusisha na uhalifu wa kumwaga damu. Kwa Kiswahili ufafanuzi huo usingehitaji miaka mitano. Tungesema tangu mwanzo kwamba huenda michezo ikazidisha ukali na uchokozi kidogo, lakini haijaonekana kuzaa ukatili. Pande zote mbili za wataalamu zingeweza kuitia sahihi sentensi hiyo bila kuona aibu.

Kuna utafiti mwingine unaotia nguvu hoja hii. Mwaka 2011 Paul Adachi na Teena Willoughby wa Kanada waliilinganisha michezo yenye mapigano na isiyo na mapigano, wakajitahidi kuisawazisha kwa kiwango cha mashindano. Waliona kuwa kilichopandisha uchokozi ni ushindani wenyewe wala si damu iliyochorwa. Mkazi wa Nairobi hahitaji maabara ili akubali jambo hili. Katika vibanda vya gemu vya Kawangware mchezo unaopendwa kuliko yote ni kandanda, na kelele kubwa kabisa hupigwa pale mtu anapofungwa bao la dakika ya mwisho, hasa ikiwa pana shilingi zilizowekwa juu ya meza. Hakuna bunduki katika mchezo huo, na hata hivyo ugomvi hutokea.

4. Maana ya mchezo

Neno la pili linalohitaji kupimwa ni "mchezo". Katika Kiswahili neno hili lina upana wa ajabu. Watoto hucheza kibemasa, wazee hucheza bao, vijana hucheza mpira, wanawake hucheza ngoma, waigizaji huonyesha mchezo jukwaani. Mzizi ni mmoja tu. Lugha yetu basi haioni ukuta baina ya mashindano, ngoma na tamthilia. Yote ni matendo yanayofanyika ndani ya uwanja uliotengwa, kwa kanuni zinazojulikana, na yote yana mwanzo na mwisho.

Pwani yetu ina hazina ya michezo inayoigiza vita. Katika kirumbizi cha Lamu wanaume wawili huingia uwanjani na bakora, wakarushiana mapigo kwa mwendo wa ngoma na zumari. Mgeni asiyejua angedhani kuna ugomvi. Mwenyeji anajua kuwa ustadi umo katika kulizuia pigo, na kwamba uwanja umezungukwa na watu wanaojua ni lini pigo limevuka mpaka. Ngoma ya Beni nayo, iliyochipuka pwani mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea hadi bara, iliigiza gwaride, bendi na vyeo vya majeshi ya wakoloni. Mwanahistoria Terence Ranger alionyesha katika kitabu chake cha 1975 jinsi maofisa wa kikoloni walivyoshughulishwa na Beni baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakihofia kuwa wanaocheza ujenerali leo watakuwa majenerali wa uasi kesho. Hofu hiyo haina tofauti kubwa na ile tunayoisikia leo juu ya kijana anayeshika bunduki ya kioo. Wacheza Beni walipata mengi katika ngoma yao: fahari, chama, mtandao wa kusaidiana, hata dhihaka dhidi ya mkubwa. Uasi wa kijeshi haukuwamo.

Ushahidi wa lugha uko karibu zaidi. Mtu akisimama nje ya kibanda cha gemu kule Kangemi, mahali panapochezwa michezo ya mapigano, atasikia sentensi hizi: "Nimekufa." "Umeniua tena." "Nimebaki na maisha moja." Tuitazame ile ya kwanza. Nafsi ni ya kwanza, hali ni timilifu, na kitenzi ni kufa. Nje ya mchezo sentensi hiyo hutamkwa kwa mzaha au kwa kilio tu, maana aliyekufa kweli hasemi. Ndani ya mchezo hutamkwa kwa sauti ya kawaida, tena na mtu aliyeshika soda mkononi. Msemaji anatuarifu, kwa sarufi yenyewe, kwamba kuna "mimi" wawili: aliyemo kwenye kioo na aliyeketi kwenye benchi. Hata "maisha" imekuwa nomino inayohesabika, maisha moja, maisha matatu, jambo ambalo Kiswahili cha kawaida hakiliruhusu. Huu si ushahidi wa mtu aliyechanganyikiwa baina ya mchezo na dunia. Ni ushahidi wa mtu aliyeuchora mpaka wazi kiasi kwamba ameutungia sarufi.

Upinzani mmoja ni wa haki, nao unatoka katika jadi yetu wenyewe: mzaha mzaha hutumbuka usaha. Wahenga hawakuwa wajinga. Walijua kwamba mchezo unaweza kuzaa jeraha. Lakini tuisome methali hii kwa makini. Haisemi kwamba mzaha ni usaha. Inasema kwamba mzaha ukiendelea pasipo wa kuuzuia, mpaka hupasuka. Kinachoonywa ni kukosekana kwa mlinzi wa mpaka. Methali ya pili inakamilisha ya kwanza: mcheza kwao hutunzwa. Kutunzwa ni kupewa tuzo, na pia ni kulindwa. Anayecheza mbele ya watu wake ana wa kumshangilia na ana wa kumwambia basi.

5. Uchochezi si mchezo

Iwapo ni kweli kwamba maneno na picha haziwezi kamwe kumsukuma mtu atende uovu, basi sisi Wakenya tungekuwa tumeishi nchi nyingine. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu wasiopungua 1,133 waliuawa, kwa hesabu ya Tume ya Jaji Philip Waki, na matamshi ya chuki ya wanasiasa na ya baadhi ya vituo vya redio yalitajwa miongoni mwa mambo yaliyochangia. Mwaka 2008 ikatungwa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, ambayo inayahesabu matamshi ya chuki kuwa kosa. Hatuwezi kuikubali sheria hiyo na papo hapo kudai kuwa semi hazina athari.

Lakini tuitazame lugha iliyotumika. Neno "madoadoa" ni neno la Kiswahili lisilo na dhambi yoyote. Ng'ombe ana madoadoa, na chui vilevile. Katika Bonde la Ufa liligeuzwa kuwa jina la majirani waliotoka kwingine, na kitenzi kilichofuatana nalo kilikuwa "kuondoa". Januari 2022 mwanasiasa mmoja alikamatwa baada ya kulitamka katika mkutano wa hadhara Eldoret, na Aprili mwaka huo tume ya uwiano na utangamano ililiweka katika orodha yake ya maneno ya chuki. Neno hilo hufanya mambo matatu kwa pamoja. Linawaelekea watu halisi wenye nyumba na mashamba. Linawavua utu, likiwageuza uchafu juu ya kitambaa. Tena linaliacha tendo bila kulikamilisha, ili msikilizaji aende akalikamilishe mwenyewe, mahali panapojulikana.

Mchezo wa video wa kawaida haufanyi lolote kati ya hayo matatu. Adui wake hana anwani. Katika Nairobi X, mchezo uliotolewa na kampuni ya Kenya ya Black Division Games mwaka 2015, mapigano yanafanyika katika jiji letu, lakini wanaopigwa ni wavamizi kutoka anga za mbali. Tendo lake hukamilika ndani ya uwanja. Mtambo ukizimwa halijabaki deni la kulipwa barabarani. Kwa ufupi, uchochezi ni sentensi yenye amri iliyoelekezwa nje, ilhali mchezo ni sentensi iliyofungwa na kutiwa nukta.

Kipimo hiki hakiisafishi michezo yote. Mwaka 2002 jeshi la Marekani lilitoa mchezo wa bure ulioitwa America's Army, ukawa chombo cha kuwavutia vijana wajiunge na jeshi hadi ulipofungwa mwaka 2022. Hapo sentensi haikufungwa: mwisho wa mchezo palikuwa na mlango halisi wa kuingilia. Hali kadhalika, mchezo utakaowapa maadui wake jina la kabila, la mtaa au la dini iliyo hai kati yetu utakuwa umevuka mpaka, hata kama hauna tone la damu. Mhakiki aliyefunzwa kusoma nafsi, hali na njeo katika sentensi ana uwezo wa kuutambua mchezo wa namna hiyo kabla ya polisi. Anayehesabu tu idadi ya bunduki hataweza.

6. Wahakiki na kigeugeu chao

Sasa tugeuke tujitazame. Katika mihadhara yetu tunawafundisha wanafunzi kuwa dhima ya fasihi ni kuelimisha, kuonya, kuadilisha na kuibadilisha jamii. Tunajivunia kwamba mnamo Novemba 1977 serikali ilisimamisha tamthilia ya Ngaahika Ndeenda kule Kamĩrĩthũ, na kwamba mwishoni mwa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini. Twasema hiyo ni ithibati kuwa sanaa ina nguvu. Kisha mtu akituuliza kama sanaa ya kioo inaweza kuwatenda vijana jambo lolote, tunacheka na kusema kuwa hiyo ni hofu ya wazee. Haiwezekani fasihi iwe na nguvu ya kuadilisha isiwe na nguvu ya kupotosha. Dawa isiyoweza kudhuru kwa vyovyote ni maji.

Kigeugeu cha upande wa pili si kidogo. Wale wanaotaka vibanda vifungwe kwa sababu ya picha za mauaji wameridhia kwa miaka mingi kwamba watoto wa sekondari watahiniwe Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia, tamthilia ya mwaka 2001 ambamo ndugu anamuua ndugu yake kwa tamaa. Hakuna mzazi aliyeogopa kuwa mwanawe atatoka darasani akamtafute kaka yake. Kwa nini? Kwa sababu kati ya kitabu na mtoto amesimama mwalimu, na kati ya mtoto na mtoto mwenzake kuna mazungumzo. Tendo la Gege halifiki kwa msomaji likiwa uchi. Hufika likiwa limevikwa maswali. Aidha, walipotaka kuwahimiza vijana wadumishe amani kabla ya uchaguzi wa 2013, watengenezaji wa mchezo wa simu uitwao Haki 2: Chaguo ni Lako waliitegemea imani ile ile kwamba mchezo hufunza. Imani hiyo haiwezi kuwa kweli kwa michezo ya amani tu.

Jibu letu basi ni lipi? Ni kwamba athari ya mchezo haimo katika picha peke yake, wala haimo katika kichwa cha mchezaji peke yake. Imo katika ufasiri, na ufasiri ni kazi ya kijamii. Picha ya mauaji inayotazamwa na vijana sita wanaobishana, kutaniana na kukosoana si picha ile ile inapotazamwa na mtoto wa miaka minane usiku wa manane, peke yake.

Hapa ndipo jiografia ya Nairobi inapotufunza jambo la kinyume na tulivyozoea. Machifu na polisi, kila wasiwasi unapozuka, huvielekea vibanda vya Kawangware na Kangemi, mahali pa mabati, benchi na kelele. Hawaelekei Lavington wala Kileleshwa, ambako mtambo ule ule, ulionunuliwa pengine katika duka moja la Luthuli Avenue, umewekwa chumbani mwa mtoto na mlango ukafungwa. Tukishika hoja ya mlinzi wa mpaka, kibanda kina walinzi wengi: mwenye mtambo, wanaongoja zamu, mama anayeuza viazi mlangoni. Chumba cha Lavington hakina hata mmoja. Basi sera inayofunga kibanda na kukiacha chumba imeadhibu umaskini ikidhani inazuia ukatili. Hatusemi kwamba kibanda hakina kasoro. Mtoto anayetoroka shule kwenda huko anapoteza masomo, na kamari inayofichwa nyuma ya kandanda ni ovu linalostahili sheria. Lakini utoro una jina lake na kamari ina jina lake. Kuyabandika yote jina la ukatili wa gemu ni kukimbia kazi ya kuyatibu.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mjadala huu umekwama kwa sababu ya maneno yake mawili. Neno la kwanza limebeba mambo mengi mno, kuanzia pilipili hadi mauaji. Kiswahili kinatuwezesha kulipasua, na tukilipasua tunaona kuwa ushahidi uliopo unagusa ukali na uchokozi, tena kwa kiasi kidogo, wala haujagusa ukatili. Neno la pili limedharauliwa, kana kwamba mchezo ni jambo lisilo na sheria. Jadi yetu inatufundisha kuwa mchezo ni uwanja wenye mpaka, na mpaka una walinzi.

Kutokana na hayo, idara zetu zina kazi tatu. Kwanza, istilahi: haifai kuendelea kutafsiri ripoti za wanasaikolojia kwa kutumia "ukatili" kila mahali, kwani tafsiri hiyo humpa chifu sababu ya kuvunja mlango. Pili, ukusanyaji: semi kama "nimebaki na maisha moja" ni data ya isimu ya thamani, na vibanda vinapofungwa hupotea pamoja na wasemaji wake. Tatu, uhakiki: michezo hii ina wahusika, mandhari, msuko na itikadi. Wapo vijana wanaoitumia saa nyingi kuliko wanavyosoma riwaya, na bado hatujawapa nyenzo za kuihakiki kama tulivyowapa za kuihakiki tamthilia.

Kazi hiyo ya tatu ndiyo kinga ambayo hakuna bodi wala marufuku itakayoweza kuitoa. Mtoto aliyezoea kuuliza ni nani anayezungumza, anamwambia nani, na anataka nini kitendeke baada ya maneno kwisha, atauliza maswali hayo hayo mbele ya kioo. Tena, jambo lenye uzito zaidi kwa nchi yetu, atayauliza mbele ya jukwaa la kampeni.